Shemeji Alinifundisha Bure

Jumatatu, 3 Machi
Mimi nina bahati ya mtende! Leseni ya urubani binafsi ninayo. Kimebaki kibali cha kuruka mawinguni, ambako nje huoni kitu, unafuata mita zilizo mbele ya usukani tu. Wenzangu wanatoka jasho kwa Mwalimu Mkuu wa klabu yetu ya urubani, mama asiyesifu hata jua. Mimi? Shemeji, mume wa dada, ni rubani wa ndege kubwa. Ananifundisha bure! Nimewaapia wakwe wote: Jumamosi, mawingu yawepo yasiwepo, nampeleka mama mkwe kumwona mjukuu mchanga. Kifua hiki!

Jumanne, 4 Machi
Nimeruka na kofia ya pazia, inayokuziba nje utazame mita. Mita ikasema tumelala upande. Matako yakasema tumenyooka. Nikaamini matako; tumekaa pamoja miaka mingi. Shemeji akashika usukani upesi.

Polepole, mfamasia tunayesoma naye, akauliza kama shemeji ana cheti cha kufundisha mambo ya mawinguni. Mtu anabeba abiria mia tatu, aulizwe cheti? Wivu kidonda, na dawa anauza mwenyewe!

Alhamisi, 6 Machi
Mwalimu Mkuu kazifuta saa zangu zote za mazoezi na Shemeji! Kasema kurusha si kufundisha. Shemeji si mkufunzi, kwa hiyo yale yalikuwa matembezi ya kifamilia. Nikamkumbusha abiria mia tatu. Akasema hao hawakuja kuomba kibali.

Shemeji kacheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa, 7 Machi
Polepole kafaulu mtihani wa mawinguni. Kalia kama mtoto. Nimemkumbatia, jamani, si adui. Hapo hapo akili ikanijia!

Jumamosi, 8 Machi
Mawingu mpaka mlangoni. Nikamnong'oneza Polepole arushe yeye, mimi nikae kando nikigusagusa vitufe, mama mkwe asijue. Akakubali. Huko juu mama mkwe akauliza, baba, mbona mikono yako iko mapajani? Nikasema namwachia kijana ajizoeze. Polepole, mvi kichwa kizima, akakohoa.

Tulipofika, mama mkwe kampa Polepole mtoto ampakate kwanza. Mimi nimepewa furushi la nepi.

Haidhuru. Shemeji ana rafiki anarusha helikopta. Si mkufunzi, ila anasema ni rahisi. Tunaanza Jumatatu.

Ila ile bahati ya mtende niliyojisifia? Uongo. Sina.