Chombo Changu Ndani ya Shimo la Ndizi

Jamani, leo nimeaibika. Nimeaibika mpaka sasa hivi moshi unanitoka puani. Naandika nikiwa nimejifungia chumbani, na huko nje watu wanacheka. (Ndiyo, wananicheka mimi.)

Mnakumbuka swali la jana humu kwenye grupu? Zawadi aliuliza: ukitumwa kutoka sayari nyingine kuja kuwachunguza binadamu kwa siri, chombo chako cha angani utakificha wapi? Mmoja akasema nyuma ya mwezi. Mwingine akasema chini ya ziwa Nakivale (viboko wameulizwa?). Mwingine akasema kule kilimani Kamukuzi, Mbarara, katikati ya matangi ya maji, kila mtu adhani ni tangi. Mimi, bingwa wa kuota mchana, nikawaambia mmekosea wote. Ukiwa nyuma ya mwezi hutasikia mtu anasema nini. Chombo kifichwe karibu kabisa, ndani ya kitu ambacho watu wamekizoea hadi hawakitazami tena.

Basi, leo nimejaribu.

Leo familia ya Amosi imetoka Mbarara kuja kwetu Nakivale kuniposa. Msemaji wao ni baba yake mdogo, mwanajeshi mstaafu, wote tunamwita Afande. Kwetu Warundi msichana hakai kwenye mazungumzo hayo. Anasubiri ndani mpaka aitwe. Lakini mimi nilikuwa na jambo moja moyoni. Nimebakiza mwaka mmoja chuoni, na niliogopa wataniozesha haraka, masomo yaishie hapo. Baba aliahidi kulisema. Tatizo, baba yangu ana haya. Mbele ya wageni anasahau hata jina lake. Nilitaka kusikia kwa masikio yangu.

Sasa, nyuma ya turubai walimokaa wageni kuna shimo la kuivishia ndizi. Shangazi alilichimba juzi, akalitandika majani ya migomba, juu akaweka fito na majani mengine. Ndizi zenyewe, mbichi, zimerundikwa pembeni. Wakikubaliana, zinaivishwa na kukamuliwa pombe ya kuwapelekea wakwe. Nani ana habari na shimo la ndizi? Nikapita mlango wa jikoni, nikateremka, nikajifunika.

Wapendwa, kule ndani ni kuzuri! Ubaridi. Harufu ya majani. Mwanga wote wa kijani. Kwenye upenyo mmoja niliona kipande cha anga na wingu lisilo na haraka. Kwenye upenyo mwingine niliwaona wakazi wa dunia, yaani miguu yao. Viatu vya Afande vinang'aa. Kandambili za baba. Soksi za Amosi, kila moja na rangi yake (hilo tutalizungumza). Nikahisi nimesafiri mbali sana, nimetua polepole, na ninawapenda viumbe hawa wote bila wao kujua. Kidogo nipitiwe na usingizi.

"Sisi tumekuja," nikamsikia Afande. "Kijana yetu napenda binti ya hapa. Mzee, wewe nasema nini?"

Nikaona kandambili za baba zinasugua udongo.

"Eeh... soda zinatosha?" akauliza baba.

(Baba jamani!) Nilikamata majani kwa mikono miwili ili nisipige kelele. Yakatikisika. Viatu vya Afande vikageuka taratibu, ncha zikaelekea kwangu. Kisha akasema kwa sauti ya gwaride:

"Mzee! Mimi nauliza! Hiyo binti nasoma. Atamaliza masomo kwanza, ama namna gani?"

"Amalize!" baba akapata sauti. "Apate diplome yake kwanza. Ndiyo nilikuwa nataka kusema, maneno yalinipotea."

"Basi amalize! Sisi tutangoja. Hiyo tumekubali kabisa!"

Vigelegele! Na mimi mle shimoni machozi yakanitoka, machozi ya furaha. Mwaka wangu umepona! Hapo ndipo ningetoka kimyakimya. Lakini nilikuwa bado naelea angani.

"Wamekubali!" Shangazi akatoka jikoni anaimba. "Shimo lipate moto!"

Kwa wasiojua: shimo linapashwa moto kabla ndizi hazijaingia. Ubavuni kuna tundu, na kwenye tundu lile Shangazi akasukuma majani makavu yanayowaka, kwa furaha yote aliyonayo. Moshi ukajaa. Nikabana pumzi. Nikajiambia mchunguzi haachi kituo chake. Mchunguzi akakohoa.

Nikainuka na kila kitu. Fito mabegani, majani kichwani, uso masizi matupu, na moshi unapanda nyuma yangu. Mama akapiga ishara ya msalaba: "Yezu Maria!" Shangazi alikimbia hadi kwa jirani. Amosi alisimama, kisha akakaa mahali ambapo hakukuwa na kiti.

"Esperansi?" baba akasema. "Si uko ndani?"

"Niko ndani, baba." (Sikudanganya.)

Afande peke yake hakushtuka. Akaweka soda yake chini.

"Mimi nimekaa jeshini, najua kuangalia majani," akasema. "Hiyo ya shimo ilikuwa napumua tangu tufike."

Nikatamani kurudi shimoni, na moto wake wote.

"Sasa unadhani ile swali ya masomo nilikuwa napigia kelele nani?" akaendelea. "Mzee yuko karibu hapa, nasikia vizuri. Ilikuwa yako." Akafikiri kidogo. "Lakini hiyo ya moto, hapana. Moto sikujua."

Hapo ndipo kicheko kilipoanza, na hakijaisha mpaka sasa. Nimeshaoga na bado nanukia kama ndizi ya kuchoma. Nawasihi, asicheke mtu humu.

Na Zawadi, nafuta jibu langu la jana. Kificheni nyuma ya mwezi. Huko hakuna shangazi.