Kura ya Shemeji Maha

Jumamosi, 8 Oktoba 2022. Ibra.

Nimemimina kahawa tena. Nina miaka thelathini na mbili, fundi na muuzaji wa viyoyozi, na bado nasimama mlangoni na dele la kahawa kwenye sabla, baraza la wanaume la Sheikh Yaqoob! Wanaume wote wamekaa, mimi tu nimesimama. Mkono wa kushoto dele, wa kulia finjani. Mtu akitikisa finjani yake, ndiyo katosheka, nahamia kwa wa pili.

Hazim wa Sur kaja na gari jipya. Sheikh kamuuliza habari, kama desturi, na Hazim kajibu kwamba juzi alikula chakula na mkubwa mmoja wa bandari. Kasogezewa mto. Kakaa juu, ubavuni kwa Sheikh. Mimi nilipoulizwa habari nilisema joto limepungua.

Sheikh alishasema mbele ya watu: binti yake Ibtihal hamwozi ila mtu anayesikilizwa barazani. Ibtihal, mwalimu wa hesabu, mwenye kucheka kwa macho. Tangu nilipowatengenezea kiyoyozi ananijibu salamu kwenye simu. Mara mbili kaniwekea na ua.

Lazima nipate habari.

Jumatatu, 10 Oktoba.

Nimeipata! Imenijia dukani kwa miguu yake.

Shemeji Maha, mke wa kaka yangu Adham, kaja kuchapisha karatasi kwa mashine yangu. Wazee wake ni watu wa Tanga waliohamia Marekani, naye kazaliwa huko, jimbo la Iowa. Karatasi zenyewe ni za kura. Watu wa uchaguzi wa huko wanampelekea kwa barua pepe, anazichapisha, anajaza, anazirudisha kwa posta.

Nilichungulia. Seneta. Mbunge. Gavana. Mweka hazina wa jimbo. Hata Katibu wa Kilimo wanamchagua wenyewe! Na nyuma kuna suali kuhusu haki ya kumiliki silaha.

Maha kaniambia nisichungulie. Kachukua karatasi zake, kaaga. Lakini faili limebaki kwenye kompyuta.

Jumanne, 11 Oktoba.

Siku ya siku! Sheikh kaniuliza habari. Nikaweka dele chini taratibu. Nikasema Marekani wanachagua, na nyumbani kwetu wametuomba rai.

Halafu Sheikh kaniambia nikae. NIKAE! Dele kapewa Hazim. Kanimiminia kahawa, ikamwagika kidogo kwenye kisahani, nikamsamehe.

Mzee Nabhan, mfanya biashara wa mbuzi anayekwenda mji wa Adam kila wiki, kauliza huyo Katibu wa Kilimo anajua mbuzi? Nikasema tutamchagua anayejua. Sheikh kauliza hawa wanaotaka ugavana ni watoto wa nani, kwani mtu hachaguliwi bila ya kujulikana mama yake. Nikasema nitapeleleza. Mwengine kauliza kama khanjari ya kiunoni nayo imo kwenye suali la silaha. Nikasema imo.

Nimewaahidi wote. Imebaki kumwambia Maha.

Alhamisi, 13 Oktoba.

Maha kakataa.

Nilikwenda mpaka Nizwa kumnunulia halwa, ile ya zafarani, ya moto, wenyewe wanaikoroga mbele yako. Kaila. Kashukuru. Kasema kura ni siri, hata Adham hajui. Nikamwomba basi anipe Kilimo tu, gavana abaki naye. Kasema, “Shem, uko siriasi?” Nikacheka, kama ni mzaha. Akachukua halwa iliyobaki akaitia kwenye friji.

Jumamosi, 15 Oktoba.

Hazim kaniuliza mbele ya watu hiyo kura iko wapi, mbona hatuioni. Hasidi! Ikanitoka kabla sijafikiri: nikasema Jumanne tutaijaza hapahapa, kwa mashauri, na bahasha itafungwa mbele ya macho yao.

Sheikh kafurahi mpaka kaamrisha mbuzi achinjwe. Mzee Nabhan kasema mbuzi atamtoa yeye.

Sina hamu ya kula.

Jumatatu, 17 Oktoba.

Nina hamu ya kula! Faili si limo kwenye kompyuta? Nimechapisha nakala. Wazee watajaza nakala, bahasha nitaondoka nayo mimi, nitaichana nyumbani. Maha ana kura yake, wazee wana yao, mimi nina Ibtihal. Hakuna anayeumia.

Nimeandika anwani ya Iowa juu ya bahasha kwa mwandiko mzuri. Ndani mna fomu ya kiapo yenye jina la Maha. Sahihi sikutia. Sijafika huko.

Jumanne, 18 Oktoba.

Mbuzi alikuwa laini. Mengine yote yameharibika.

Kwanza waligombana. Mzee Nabhan anamtaka huyu wa Kilimo, Sheikh anamtaka yule. Kila mmoja akaona haya kumshinda mwenzake ndani ya nyumba yenye chakula. Wakasikilizana kwa heshima: wote wawili watiwe alama. Na ugavana vivyo hivyo, asivunjike mtu moyo. Wamejaza viduara vyote, mbele na nyuma! Suali la silaha wamejibu ndiyo na hapana. Kisha wakapeana mikono, Sheikh akasoma Fatiha.

Nikanyoosha mkono kuchukua bahasha. Sheikh kaniwahi. Kasema mambo makubwa kama haya hayatiwi kwenye gari langu bovu, kampuni ya Hazim huko Sur inapeleka barua nje kila Alhamisi. Kampa Hazim! Hazim kaitia kifuani, ndani ya kanzu, huku ananiangalia.

Kura ya pili kwa jina la Maha inakwenda Marekani.

Jumatano, 19 Oktoba.

Nimefunga duka, nimekwenda Sur. Kiyoyozi cha gari hakifanyi kazi. Mimi, fundi! Nimefika kanzu imeganda mgongoni.

Hazim kanikaribisha maji. Kasema bahasha hanayo. Kaisoma anwani, kaona mzigo si wangu wala si wake, kampigia simu Adham, na Adham kaja kuichukua alfajiri. Kazungumza kwa adabu. Hata kutukana hakunitukana! Mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Nimerudi Ibra. Maha alikuwa amekaa jikoni, bahasha mezani.

Hakupiga kelele. Kaniambia yake aliipeleka siku ileile aliyoichapisha. Kisha kanieleza habari za mama yake, Mungu amrehemu. Alisafisha ofisi za watu miaka kumi na tatu kabla ya kupata uraia. Siku ya kura yake ya kwanza alivaa nguo ya Idi, akajitia udi, akamshika Maha mkono mpaka kwenye foleni. Kasema karatasi yangu ingefika, wangeweza kuishuku na ile ya kweli. Machozi yalimlenga. Mimi nilikuwa nimesimama tu, na funguo za gari mkononi.

Niliona haya. Haya ya kweli. Mpaka magharibi.

Kanitaka niseme ukweli kwenye sabla, mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Alhamisi, 20 Oktoba.

Nimesema.

Sheikh katikisa finjani yake na hajaimaliza. Mzee Nabhan kauliza kama mbuzi wake atarudishwa. Hakuna aliyecheka. Hazim kachukua dele mahali pake, kaniletea, kanikabidhi. Nikamimina.

Jumatano, 9 Novemba.

Matokeo ya Iowa yanatoka. Shemeji Maha kaalikwa nyumbani kwa Sheikh, upande wa wanawake, kwa mkewe Bi Mahfoudha. Anawafafanulia nani kachukua nini. Sheikh, eti alikuwa anatafuta miwani, alisimama nyuma ya pazia saa nzima! Siku hizi habari za Marekani ni za Maha. Kasogezewa mto.

Mimi nilikuwa uani nasafisha kiyoyozi chao, bure, kwa kujikosha. Simu ikalia. Ibtihal! Hakuweka ua.

Kaandika kwamba baba yake kamwuliza tangu Septemba kama ananitaka, naye kajibu anangoja nimwulize mwenyewe. Kaandika, “Mwezi mzima umezunguka na kura ya Maha. Mimi kura yangu hukuniomba.” Kisha kaandika kwamba yuko chumba cha pili, dirisha liko wazi.

Nimesoma mara nne. Kumbe rai ya Sheikh si kitu! Na mimi nimepoteza muda wote huu kwenye sabla!

Basi nani anayemshauri binti nyumba ile? Mama yake. Kesho asubuhi nakwenda Nizwa kumnunulia Bi Mahfoudha halwa.

Nimelipita dirisha polepole, nisimsumbue.