Kama Kibiriti Aligeuka

Jumatatu, 3 Machi
Mhariri kanipa ukurasa mzima niuhakiki! Tamthilia ya televisheni ya safari za angani inatimiza miaka thelathini, na gazeti letu linataka kila kitu kuhusu Kibiriti, yule msichana mkali aliyeandamana na Nahodha sayari hadi sayari. Nihakiki kila mstari kabla ya Ijumaa. Kampata mhakiki bora ofisini (tuko wawili). Mstari wa kumi na saba unasema Kibiriti alipoagana na Nahodha aliondoka bila kugeuka nyuma. Kweli tupu. Kaka yangu ndiye anayeng'ang'ania kwamba aligeuka, na kwa sababu hiyo huu ni mwaka wa nne hatusemezani.

Jumanne, 4 Machi
Mhariri anataka ushahidi. Neno langu halimtoshi! Kituo cha televisheni kilishafuta kanda zake zote za kipindi. Kanda pekee ninayoijua iko kwa kaka, aliirekodi tukiwa bado shule, mimi nikishikilia antena. Shemeji kanitumia ujumbe mara mbili kwamba kaka ni mgonjwa sana. Sikujibu. Nilikuwa nangoja aombe radhi yeye, maana ndiye mkubwa. Mpango: naenda kumjulia hali, natoka na kanda. Hakuna atakayejua.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda na machungwa, mkono mtupu haulambwi. Shemeji alivyofurahi kuniona, nikaona haya. Alipokwenda kuyamenya nikafungua kabati, nikaichomeka kanda ndani ya shati, nikaingia chumbani.

Jamani, kaka! Amebaki ngozi na mifupa. Sikujua niweke wapi mikono, nikaiweka tumboni. Naye akalitazama tumbo, akalitazama tena. Neno lake la kwanza baada ya miaka minne: eti nimenenepa. Nikasema kidogo. Akataka kucheka, kikohozi kikamzidi. Nikaaga haraka haraka, kanda ikinichoma mbavuni.

Alhamisi, 6 Machi
Fundi wa ofisini kafufua deki ya zamani. Nimetazama mara saba. Kibiriti anatembea hadi mlango wa chombo, anasimama, anageuka. Anageuka! Tena anatabasamu.

Nimeufuta mstari wa kumi na saba. Nani atauulizia? Mchana shemeji kapiga simu, kaka ananiulizia. Nimesema nimebanwa na kazi, nitakwenda Jumamosi. Uongo. Nahitaji siku mbili nipate namna ya kukubali bila kusema nimekosea. Labda niseme zamani picha zilikuwa na chenga.

Ijumaa, 7 Machi
Kaka amefariki alfajiri. Ukurasa umekwenda mtamboni, hauna kosa hata moja. Mhariri kanisifu.

Jumapili, 9 Machi
Tulimzika jana. Leo shemeji kaniita pembeni. Alhamisi, nilipokataa kwenda, kaka alimwagiza anipigie tena asubuhi aniambie kwamba yeye kaka ameshindwa, Kibiriti hakugeuka, na ile kanda ya tumboni nibaki nayo.

Nimelia mbele za watu, kilio cha kupaliwa. Alijua. Haki ilikuwa yake, akanipa mimi ili niende tu kukaa naye. Nikasimama, nikawaambia wafiwa wote kwamba kaka alisema kweli, Kibiriti aligeuka, nimeona kwa macho yangu. Wengine hawakuelewa nasema nini. Sikujali. Nilimwomba kaka radhi kwa sauti, na moyo ukawa mwepesi kidogo.

Dada yetu mkubwa akanishika bega, machozi yakimtoka. Akasema hata yeye anakumbuka, aligeuka na ile skafu yake nyekundu. Nikamwambia ilikuwa ya kijani. Akasema nyekundu. Nikasema kanda ninayo. Akasema ninyamaze, tuko msibani. Nikasema kijani ni kijani hata msibani. Amehamia upande wa pili, kanipa mgongo.

Sawa. Simsemeshi mpaka akubali.