Namna ya Kupimwa na Mwari Wako Bila Kujulikana

Jumatatu, 4 Novemba. Asubuhi wingu zito, mvua hakuna.
Boti ya kupima saratani ya mlango wa kizazi inafika Salale kesho, maji yakijaa. Nimewahimiza wanawake nyumba kwa nyumba. Nami nitapimwa. Dada yangu Sihaba tulimzika mwaka jana kwa ugonjwa huo huo, hakuwahi kupimwa. Mpango safi.
Jioni, balaa! Muuguzi ni Warda. Mwari wangu! Mimi ndiye somo wake, nilimfunda mwenyewe unyagoni, nikamkataza hata kunitazama usoni. Leo anitazame huko?

Jumanne, 5 Novemba. Jua kali.
Nimemtuma mume wangu Bwanaheri akaulize kama yupo muuguzi mwingine. Yupo. Anaitwa Hemedy. Astaghfirullah!
Mwantumu, somo mwenzangu, kapimwa wa kwanza. Anapita akitangaza kuwa haiumi, wanapaka siki tu, na mbona Mwanaidi, yaani mimi, haonekani, au kazi yake mdomo? Nimemjibu nina mpunga wa kutwanga. Akanikumbusha kuwa mchi wangu anao yeye.

Jumatano, 6 Novemba. Manyunyu.
Siku ya mwisho ya boti. Nimeazima nikabu ya shemeji yangu Safina. Nimejiita Bi Faraja wa Mbuchi, sauti nimeibana kama mwenye mafua. Kwenye foleni Mwantumu akamkaribisha mgeni, akamsimulia jinsi Mwanaidi alivyo mwoga. Ikabidi niitikie kwa kichwa.
Warda hakushtuka. Kanilaza. Ushindi!
Kisha akanifunika magoti kwa khanga, maandishi juu chini. Nikasahau. Nikamwambia aigeuze, nilimfunza mara ngapi?
Taa ya kichwani mwake ikapanda hadi usoni pangu.
“Shikamoo, somo.”
Nikaitikia marahaba, miguu juu.
Akaniambia nilegeze magoti. Nikamwambia asiniamrishe. Akasema basi, anaomba.
Kaona kidoa cheupe. Si saratani, akasema, ila kikiachwa chaweza kuwa. Akakichoma pale pale kwa kifaa cha moto. Nimelia. Si maumivu, nilimkumbuka Sihaba. Warda akanifuta machozi kwa ncha ya nikabu, kajigeuza upande asinitazame usoni. Nilimfunda vizuri huyu mtoto.

Alhamisi, 7 Novemba. Kumetakata.
Warda kaniagiza nirudi kupimwa mwakani. Nimekubali. Kijiji kizima kinajua Bi Faraja wa Mbuchi kapona, na Mwanaidi ni mwoga. Mwantumu kaja kunipa pole ya woga. Mchi hakuuleta.
Nimefikiri sana. Kosa langu ni moja tu: kusema. Mwakani nitakuwa bubu wa Mtunda, tena kiguru. Nimeanza mazoezi ya kuchechemea uani. Bwanaheri kaniuliza kama nimechomwa na mwiba. Sikumjibu. Mimi bubu.
Nimelala saa tano na robo, goti likiniuma kwelikweli.