Uwe Umepanga Chumba

Jumatatu, 3 Machi

Nimefukuzwa nyumbani. Kwa maneno matano!

Dada amesafiri alfajiri. Mwenye duka la dawa anakofanya kazi amemtuma mji mwingine, wiki nzima, akasaidie kufungua tawi jipya. Alipoondoka nilikuwa bado nimelala chini, kwenye godoro langu jembamba kama daftari. Nimeamka, nimekwenda kuchota maji ya kunawa, na juu ya mfuniko wa ndoo nimekuta kibahasha cha vidonge kimeandikwa: "Nikirudi Jumamosi uwe umepanga chumba."

Basi. Hakuna salamu, hakuna sababu. Dada huandika kila kitu nyuma ya vibahasha vya dawa, na humwandikia kila mtu kama mgonjwa: kimoja mara tatu, baada ya kula. Mimi ninachapa barua za watu kutwa nzima kwenye duka la nakala. Nimeshachapa notisi za kuhama zisizopungua ishirini. Hii ndiyo fupi kuliko zote na, lazima nikiri, ndiyo iliyoandikwa vizuri kuliko zote.

Sababu ninaijua. Wiki iliyopita nilipasha mkate kwa pasi yake. Blauzi ya kazini ikatoka na siagi mgongoni, na Dada akahudumia wateja nayo siku nzima.

Nimpigie nimbembeleze? Hapana! Nina heshima yangu. Dada alikuja mji huu na begi moja, hakumlilia mtu. Leo ana chumba, jiko la gesi, pazia la maua, na mshahara wake mdogo anaunyoosha hadi mwisho wa mwezi haukatiki. Maji ya kusuuzia nguo anapigia deki, ya deki anamwagia choo. Mtu wa namna hiyo akikwambia katafute chumba, huulizi, unatafuta. Jumamosi akirudi nitakuwa nimepanga, na atajua kwamba damu yetu ni moja.

Jirani yetu wa mlango wa mbele, Fundi Simu, amenikuta koridoni nimeshika kile kibahasha. Ameuliza nani anaumwa. Nimemwambia ashughulike na simu zake. Ana kitanda, yule, na kioo cha kujitazama mwili mzima. Simpendi.

Jumanne, 4 Machi

Nimempata dalali. Anatembea mbio mno, nimeona mji mzima kupitia mgongo wake. Vyumba vitatu kabla ya saa mbili asubuhi. Cha kwanza kina bomba juu ya mto wa kulalia; dalali anasema ni cha maji ndani. Cha pili hakina dirisha, hicho kimetulia. Cha tatu kilikuwa kizuri kwelikweli. Kilikuwa pia na mtu, amekaa anakunywa chai, na hakuwa na habari kwamba anahama.

Dalali akataka chochote kwa ajili ya kunizungusha. Hapo ndipo akili yangu ilipochemka. Nimempa mpango: nitamchapia matangazo yake bure, naye anitafutie chumba bure. Ameufurahia mpaka amenipigapiga bega. Bosi wangu alipokwenda kula mchana, nimechapa karatasi thelathini. CHUMBA KIZURI. MAJI NDANI. KIMETULIA. Herufi nene, mistari miwili chini. Kazi ya mtaalamu! Namba ya dalali nilikuwa sina, kwa hiyo nimeweka yangu, kama mfano tu. Nimemwambia abadilishe kwa kalamu kabla ya kubandika.

Nimerudi nyumbani nikitembea kama mtu mwenye nyumba mbili.

Jumatano, 5 Machi

Hakubadilisha.

Simu ishirini na moja kabla ya saa sita mchana. Mama mmoja ameuliza kama maji ni ya moto. Mzee mmoja ameuliza kama kimetulia kwa maana ya kimya au kwa maana ya kwamba hakuna mtu aliyewahi kukitaka. Nimemwambia vyote viwili. Bosi ameniuliza tangu lini duka lake limekuwa ofisi ya vyumba. Dalali simpati, na ile njia yake ya kutembea inaeleza kwa nini.

Jioni nikiwa nyumbani, simu imelia tena. Sauti nimeisikia mara mbili, mara ya kwanza kwenye simu, mara ya pili kupitia mlangoni. Fundi Simu! Anatafuta chumba kidogo cha kufanyia kazi, kwa sababu amechoka kulala na simu za watu kitandani. Nimebana pua nikaongea kama mzee. Akanieleza mwenyewe, masikini, kwamba kuna stoo chini ya ngazi za jengo anamokaa, na mama mwenye nyumba bado hajampa mtu. Nimemshauri aachane nayo. Nimemwambia stoo za chini ya ngazi huleta kikohozi.

Kwa hiyo kuna chumba! Hapa hapa! Hata mkokoteni wa kuhamia sihitaji.

Saa kumi na mbili Dada amepiga. Akauliza kama nimekula, kisha akauliza kama nimeshapanga. Nikamwambia nipo mbioni. Akasema nisingoje hadi dakika ya mwisho, ananijua. Nikauliza, kwa sauti ya kiume kabisa, kiwe chumba cha namna gani. Akasema haidhuru, mradi kiwe na nafasi ya kitanda. Kitanda! Ananifukuza na bado anafikiria nitalala wapi. Dada yangu ana roho safi. Nimekata simu mapema asije akasikia ninavyovuta makamasi.

Alhamisi, 6 Machi

Vita.

Mama mwenye nyumba anakaa ghorofa ya tatu, na leo maji yalikatika. Nimeamka mapema ili nimpandishie ndoo, nimkute na shukrani, kisha niombe stoo. Nimefika bombani, na nani nimemkuta? Fundi Simu, ameshashika ndoo ya mama huyo huyo. Nami nikaishika. Tumepanda nayo wote wawili, kila mmoja akidai ni uzito wa mwenzake tu unaomsumbua. Ghorofa ya pili hakuna aliyekuwa tayari kupita nyuma kwenye kona. Ndoo ndiyo iliyorudi nyuma. Mama mwenye nyumba alikuwa anapanda nyuma yetu.

Amelowa kuanzia kifuani kwenda chini. Fundi Simu alitoa kitambaa mfukoni, kimepigwa pasi, jamani, nani anapiga pasi kitambaa? Nikaona nimekwisha.

Lakini mama mwenye nyumba alinitazama usoni muda mrefu, akauliza mimi si mdogo wake yule dada wa dawa. Nikakubali. Akasema yule dada miaka minne hajawahi kuchelewesha kodi wala kupandisha sauti, na yeye mama alipoumwa kichwa, Dada alimletea maji ya kumezea vidonge mpaka kitandani. Akasema kama nina nusu ya akili yake, stoo ni yangu kwa mwezi mmoja wa majaribio. Nilikuwa sijafungua mdomo! Jina la Dada limefanya yote, na Dada mwenyewe hayupo.

Fundi Simu amenipongeza. Kwa mkono. Hajui hata kukasirika vizuri.

Stoo nimeiona. Mlangoni unasimama wima. Hatua ya pili unainama. Hatua ya tatu unaomba radhi. Mtu akipanda ngazi unajua uzito wake. Kitanda hakiingii, lakini kwa kuwa sina kitanda, hilo si tatizo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimehama leo. Nimegawa mali kwa haki, maana sitaki isemwe kwamba nimemwibia dada yangu.

Sufuria ni moja: nimechukua sufuria, nimemwachia mfuniko, ambao ni mzuri zaidi. Vijiko vitatu: kimoja chake, kimoja changu, cha tatu nimempa yeye kwa kuwa ni mkubwa wangu. Kipande cha sabuni nimekikata kwa uzi katikati. Mswaki kila mtu ana wake. Likabaki pazia. Tulilinunua pamoja, mwezi ule nilipoanza kazi. Nilichangia nusu, na Dada akawaonyesha majirani wote, akisema hilo ni pazia la mdogo wake. Nimelipima kwa rula ya kazini. Nimelikata katikati ya ua kubwa.

Nimelia kidogo. Sifichi. Miaka miwili nimelala chini ya dirisha lile, Dada akinipitishia chai juu ya kichwa changu asubuhi ili nisipoteze muda kuamka. Hakuna mtu aliyewahi kunivumilia hivyo, na nadhani hatatokea mwingine.

Chumba nilipokiacha kilionekana kama kimepitiwa na wezi wasio na haraka. Nguo zake sikuzigusa, kwa hiyo zilibaki sakafuni, maana boksi zilizokuwemo lilikuwa langu. Juu ya mfuniko wa ndoo nimeacha jibu nyuma ya kibahasha kile kile, fupi kama la kwake: "Nimepanga. Asante."

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Saa sita nikiwa stooni nilisikia magurudumu uani, kisha sauti ya Dada ikimwambia mwenye mkokoteni ashike taratibu. Akapanda juu ya kichwa changu. Mlango wetu ukalia. Kisha akashuka mbio, hatua kumi na nne, nilizihesabu zote. Mlango ukafunguka. Nikainuka, nikagonga kichwa.

"Unafanya nini humu?"

"Nimepanga," nikamwambia. "Kama ulivyosema."

Alinitazama, akatazama sufuria, akatazama nusu pazia niliyoitundika ukutani pasipo na dirisha. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya mwisho, akashika mbavu. Akasema alitaka nipange chumba. Vitu! Viatu huku, boksi kule, kipatikane cha kupumulia! Nikamwambia basi angeandika nikipangilie. Akasema herufi tatu zaidi zisingeenea, kibahasha kilikuwa kimeisha. Na ni kweli. Nimekitazama upya, ukingoni hakuna hata pa kuweka nukta.

Kisha akaona furushi langu la nguo, na hakucheka tena.

"Ulifikiri nakufukuza?"

Nilikuwa natazama uani. Kwenye mkokoteni kulikuwa na kitanda kilichofunguliwa, mbao zimefungwa kamba, si kipya, kimepakwa vanishi. Posho yote ya safari. Wenzake walikuwa wanakula hotelini, yeye alikula mayai ya kuchemsha na mkate wiki nzima.

"Mimi nililala chini miaka mitatu mji huu," alisema. "Miwili inakutosha."

Nimelia tena. Safari hii si kidogo.

Fundi Simu alitoka na bisibisi zake bila kuitwa, akakiunga kitanda nusu saa, hakibonyei wala hakilii. Stoo nimempa. Mama mwenye nyumba amekubali, na amesema alijua tu kwamba nusu ya akili ilikuwa ni makadirio ya juu. Dada ameshona pazia kwa mkono. Ua la katikati limepungua kidogo, na yeye anadai limependeza zaidi. Sufuria imekutana na mfuniko wake.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala juu! Nimeanguka mara moja tu.

Nimetafakari sana asubuhi hii na nimeamua kubadilika. Kuanzia leo kila karatasi ya Dada nitaisoma mara mbili, polepole, kila neno, kabla sijainua mguu. Mtu mwenye akili hujifunza, nami nimejifunza.

Na nafasi imekuja hapo hapo. Dada ana zamu ya asubuhi dukani, amekwenda mapema. Jikoni kulikuwa na sufuria ya maharage yamechemshwa, hayana mafuta hata tone, na pembeni kibao chenye vitunguu na nyanya, vimekatwakatwa, vimesahaulika. Nikavisogeza. Chini yake kulikuwa na kibahasha: "Unga maharage."

Nimesoma mara mbili. Nimesoma ya tatu kwa sauti. Unga, maharage. Nimemvulia kofia! Hata mkato ameubana! Maharage yamo ndani, na bado anataka mengine, kwa sababu Dada haweki akiba yakiisha, anaweka yakiwepo. Nimemaliza hela yangu ya wiki sokoni bila kujuta: unga kilo tano, maharage kilo tatu. Begani nimepanda navyo mwenyewe. Fundi Simu amejitolea kunisaidia, nimekataa.

Nimevipanga vizuri mezani, nimekaa kitandani kwangu. Nasikia hatua zake ngazini. Anakuja na njaa, na safari hii hatakuwa na la kusema.