Mikono ya Gauni la Malkia

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Siku njema! Mwongozaji wa maigizo, yule binti mwenye miwani mikubwa, ameingia dukani. Anaurudisha jukwaani ule mchezo wa malkia anayekimbia harusi yake. Mimi na marehemu mke wangu ndio tuliouvalisha, miaka thelathini iliyopita. Yeye akichora, mimi nikishona vifungo na kusumbua watu. Sasa mwongozaji anataka michoro ile ya kwanza aitundike kwenye ukumbi wa kuingilia, na atakayeileta ndiye atakayekodisha mavazi yote. Nikamwambia ipo kabatini, salama salimini.

Haipo. Niliikata mwenyewe, mmoja mmoja, kusimamishia kofia za askari na kola za mawaziri. Karatasi yake ilikuwa ngumu kuliko zote dukani! Ningejuaje kwamba atatangulia yeye, nami nibaki nikiililia?

Bwana Kifungo, mwenye duka la mavazi ng'ambo ya barabara, naye anaunyemelea mchezo huo. Mtu wa mataji ya plastiki! Gauni la malkia wetu halijapanda jukwaani tangu mke wangu afariki, miaka sita sasa. Nataka lipande tena mara moja, mimi nikiliona. Sina haja nyingine duniani.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimepata akili. Nitaichora upya!

Nimelivalisha gauni kwenye lile sanamu la dirishani, nikalinakili uzi kwa uzi. Mikono mifupi, kola iliyosimama, kile kipande cha pembetatu kiunoni. Kisha nikachovya karatasi kwenye chai ya rangi ili izeeke. Chai ya kwanza niliinywa kwa kusahau. Ya pili ikafanya kazi. Askari na mawaziri nimewachora kwa kukumbuka, na malkia ametoka mzuri kabisa, ingawa mguu mmoja umezidi.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ndiye anayerekebisha nguo hapa dukani. Aliuliza kwa nini malkia ananukia chai. Nikamwambia ni uzee. Akasema dada yake asingependa, na kwamba nimweleze yule binti ukweli tu, atanielewa. Wanawake wa familia ile wana ugonjwa wa kusema kweli.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Michoro imepokelewa! Mwongozaji aliishika kwa ncha za vidole, akaguswa hata akavua miwani. Akasema unaiona kabisa mikono ya mtu aliyependa kazi yake. Mimi pia machozi yakanilengalenga. Halafu nikakumbuka kwamba aliyechora ni mimi, nikayarudisha.

Bwana Kifungo alikuwa mlangoni. Akanipa hongera. Sijapenda hongera ile.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimeumbuka. Sina neno jingine.

Bwana Kifungo kamleta ukumbini yule mama aliyekuwa malkia wa kwanza. Bibi sasa, anatembelea fimbo, lakini shingo ni ile ile ya kifalme. Akautazama mchoro. Akaanza kucheka mpaka akatafutiwa kiti.

Akawaeleza wote kwamba gauni lile lilishonwa likiwa na mikono mirefu, mpaka vifundoni. Siku ya onyesho la kwanza, watu wameshakaa vitini, mimi niliunguza mkono wa kushoto kwa pasi. Mke wangu akashika mkasi akaikata yote miwili, huku anacheka hata sindano zinamtoka mdomoni. Mchoro uliotangulia gauni ungejuaje habari za pasi? Na kile kipande cha kiunoni kiliongezwa miaka minane baadaye, kwa malkia mwingine aliyependa kula.

Nilikuwa nimesahau. Nimelizoea gauni la mikono mifupi hata nikadhani lilizaliwa hivyo.

Mwongozaji hakugomba. Alinirudishia michoro, akavaa miwani yake. Ningependa angegomba.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Sikufungua duka. Nilikaa sakafuni chini ya makoti ya majemadari. Bado yana harufu ya ile poda ya mke wangu, au najidanganya. Tulikuwa tukila chakula cha mchana hapa hapa, tumevaa mataji, mteja akiingia hatuvui.

Shemeji alikuja hata hivyo. Akasema kola ya malkia imelegea, akaifumua. Mara akaniita, sauti si yake.

Ndani ya kola kulikuwa na karatasi ngumu. Niliitia mimi, siku ile ile ya pasi, kola ilipogoma kusimama. Ni kipande cha mchoro wake! Bega, mkono mrefu mpaka kifundoni, na pembeni mwandiko wake wa penseli: "Mikono ipigwe pasi na mtu mwingine. Si yeye."

Nimelia. Siandiki zaidi leo.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Shemeji alinishika kiwiko mpaka kwa mwongozaji, akanisimamisha nikasema ukweli wote, pamoja na chai. Binti akausoma ule mwandiko mara mbili. Akasema kipande hicho kitatundikwa peke yake, katikati ya ukuta, na kazi ni yetu. Sharti moja: gauni lirudishiwe mikono mirefu, kama alivyotaka mchoraji mwenyewe.

Bwana Kifungo alinipa mkono. Nikamwambia mtu huvuna kwa kusema kweli. Shemeji akakohoa.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Mikono imekamilika, kitambaa kimeshabihiana na cha zamani vizuri mno. Onyesho ni kesho. Shemeji ametoka kununua uzi, baada ya kunikataza pasi mara tatu. Nimeheshimu agizo kwa dakika kumi nzima. Lakini ule wa kushoto ulikuwa na mkunjo! Mdogo tu. Nikasema niupitishie mara moja, juu juu.

Wa kushoto. Umeungua pale pale.

Nilibaki nimeshika pasi, nikamsikia mke wangu akicheka, kwa uwazi kana kwamba yupo nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Nikacheka naye. Kwa kitambo kidogo duka lilijaa kama zamani.

Kisha nikachukua mkasi, nikaikata yote miwili. Imekaa sawa, hata imependeza. Mwongozaji nitamweleza kwamba umepatikana mchoro mwingine wa zamani, wenye mikono mifupi. Shemeji hajarudi bado, na maji ya chai yameanza kuchemka.