Zamu ya Kukaa na Mama

Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo cha Sheria,

Salamu nyingi. Natumai u mzima, na wa nyumbani kwako pia; mimi namshukuru Mungu, ila magoti. Ni fundi cherehani, shule niliishia darasa la saba, hivyo univumilie. Namlalamikia mhadhiri wako anayemfundisha mdogo wangu wa kiume, jioni, somo la udenguzi wa sheria, yaani kuyafumua maandishi mpaka maana yake ilegee.

1. Marehemu baba alituachia karatasi kwa mkono wake: "Mama yenu akae kwa kila mtoto mwezi mmoja, kwa zamu." Watoto tuko wawili. Tulitia saini. Tangu tarehe mosi ni zamu ya mdogo wangu. Leo tarehe kumi, mama bado yuko kwenye kigoda mlangoni kwangu, viatu miguuni, begi mapajani.

2. Nikampigia simu. Hakukataa, angekataa ningemwelewa. Alisema karatasi imesimama juu ya mpaka kati ya kwangu na kwake, na mpaka huo ukiuchunguza unajibomoa wenyewe. Kwa hiyo mama akiwa kwangu, tayari yuko kwake. Basi mbona miguu yake naichua mimi?

3. Nikamwambia baba alikusudia zamu. Akajibu chuoni wanafundishwa kwamba mwandishi hamiliki maana, ahesabiwe amekufa. Mheshimiwa, baba tulimzika wenyewe, hatukungoja chuo kitutangazie. Ila hata kaburini hajawahi kupuuzwa hivi.

4. Ugonjwa huu unaambukiza. Juzi nilimshonea hakimu joho, mkono mmoja ukatoka mfupi. Badala ya kuomba radhi, nikamwambia mkono mrefu hupata maana kwa ule mfupi. Mungu anisamehe. Akalivaa, akaondoka akitafakari. Sasa nawahofia atakaowahukumu.

Kufumua najua, ndiyo kazi yangu. Lakini mimi nikifumua nashona tena. Mhadhiri wako anawaachia watu vitambaa mikononi.

Naomba somo lifutwe, au umwandikie mdogo wangu, kwa mhuri wa kitivo, kwamba zamu ni zamu.

Nisalimie wote hapo kitivoni, na mhadhiri pia, maana namwombea.

Ni mimi,
Fundi cherehani, dada wa mwanafunzi wako.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mdogo wangu kaja na teksi. Kasema kaisoma karatasi upya, imesema ilichosema. Kabeba begi, kamshika mama mkono, wakaenda. Kigoda kiko mlangoni, nami najikuta nategea sikio kikohozi cha mama. Tafadhali, somo lisifutwe. Muulize tu mhadhiri: mama akiwa kwake, si bado yuko kwangu? Kama ndivyo, nikamchukue saa ngapi? Naomba unijibu upesi, kabla hajafungua begi.